Mwaka Niliomdanganya Elisante

Redio ilitangaza kifo cha Daktari asubuhi nikiwa nachambua mchicha, na kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kulia, ni kuinuka na kufunga mlango wa jikoni kwa komeo. Mchana kweupe, mtu mzima mwenye wajukuu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa Usa River. Mtangazaji alimwita mwanasiasa mkongwe aliyefariki ughaibuni kwa uzee, akaitaja na nchi yake, ambayo mimi siitaji kwa sababu ni ya jirani na watu wake hawasahau haraka. Kwa uzee! Nililirudia neno hilo kwa sauti, maana wapo waliotaka afe kwa namna nyingine kabisa, na hapa hapa kwetu. Jioni Padri akanipigia simu. Kutakuwa na misa ya kumwombea katika kanisa alilokuwa akisali, na kwa kuwa mimi ndiye niliyempikia mwaka wote alioishi kwetu, ingefaa niseme maneno machache. Nilikubali upesi hata haya sikuona, kwa sababu hadithi ninayo na nimeshaisimulia kwenye harusi, kwenye vikoba na kwenye foleni za hospitali: jinsi binti wa Nkoaranga asiyemaliza hata sekondari alivyowapiga chenga majasusi. Nikaanza kuipanga kichwani, na nilivyoipanga hofu ikarudi, ile ile, ikakaa mahali pake pa zamani chini ya mbavu.

Nyumba aliyopangiwa Daktari ilikuwa nyuma ya mashamba ya maua, imezungukwa na ua wa michongoma mrefu kuliko mtu. Ilikuwa na vyumba vinne, lakini tuliishi jikoni. Sebule ilikuwa na madirisha makubwa yanayotazama Mlima Meru, na mgeni yeyote angekaa pale kutwa akishangaa kilele, ila Daktari hakukaa sebuleni hata siku moja. Aliweka kiti chake kati ya jiko na kabati la vyombo, mahali ambapo mtu aliye nje ya dirisha asingeweza kumwona, akasoma magazeti hapo, akala hapo, akanyoa ndevu hapo. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye Kiswahili cha kujifunza ukubwani, kila neno limepigwa pasi. Kazi niliipata kwa sababu ya kikombe cha chai. Siku aliyonijaribu nilimpelekea chai, nikamimina kidogo kwenye kisosi nikanywa mbele yake, halafu ndipo nikampa. Kwetu Meru, na kwa Wachaga vilevile, anayetoa kinywaji huonja kwanza ili mgeni aone hamna baya ndani. Hufanywa kwa pombe hasa, lakini Bibi alitulea tukifanya hivyo hata kwa uji. Daktari akashusha gazeti.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Bibi yangu, Daktari."

"Msalimie sana. Mwambie ameniokoa, nilikuwa nimeanza kufikiria kutafuta paka."

Sikucheka kwa sababu sikuelewa. Nilikuja kuelewa taratibu, kwa vitu vidogo vidogo. Simu ya mezani ililia, nikainua, na upande wa pili hakuna aliyesema, ila nilisikia mtu akipumua na kuku wakilia kwa mbali. Mbwa wetu alikufa bila kuugua. Dereva aliyekuwa akimpeleka Daktari kanisani alibadilisha njia kila Jumapili, na siku moja nilipomwuliza kwa nini tunazunguka, alinijibu nifunge mdomo kama ninavyofunga sufuria. Daktari aliwahi kuwa waziri kwao, akajua waliouawa na waliowaua, na alikuwa anasubiri hati za kwenda kuishi nchi ya mbali ambako angeyasema yote mbele ya watu wa kuyaandika. Mpaka hati zije, alikuwa wetu. Alinipa sharti moja tu, akalitoa kwa upole mpaka nikaona ni utani.

"Elieshi, mwanangu, una mchumba?"

"Sina, Daktari."

"Usiwe naye mpaka niondoke. Ukimpata niambie, nitakutafutia kazi kwingine. Sikukatazi kupenda. Nakukataza kupenda na kupika hapa kwa wakati mmoja."

Nilikuwa na miaka ishirini. Leo nikimwona binti wa umri huo nampa ushauri kwa sauti ya mtu aliyezaliwa mzee, lakini wakati ule sharti kama lile lilikuwa sawa na kunionyesha mtungi na kuniambia usichungulie. Haikuchukua muda nikakutana na Elisante Swai sokoni. Alikuwa ananunua mboga za mashambani na kuzipeleka kuuza Arusha mjini, au ndivyo alivyosema. Alijitambulisha kuwa Mchaga wa Machame, Mlutheri kama mimi. Alikuwa na mabega ya mtu anayebeba na mikono ya mtu asiyebeba, jambo ambalo ningepaswa kuliona, ila macho yangu yalikuwa yanatazama meno yake akicheka. Alinichekesha sana. Aliwaigiza wauza nyanya, akaigiza mchungaji akitangaza sadaka, akaniigiza na mimi nikichagua vitunguu kana kwamba nachagua mume. Tulikunywa chai kwenye kibanda cha Mama Ndosi, mlangoni mwa soko, nikirudi nyumbani namwambia Daktari kwamba foleni ya nyama ilikuwa ndefu. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wanawake wa sokoni walikisikia kikohozi changu mapema. Krismasi ilipofika na Elisante akabaki Usa River, walinichachamalia. "Mchaga haendi nyumbani sikukuu?" alisema Mama Ndosi akipepea mkaa. "Mwanangu, huyo ama ana kesi, ama ana mke." Elisante alipoulizwa alisema biashara imebana, nami nikamtetea kwa ukali kuliko yeye mwenyewe.

Maswali yake yalikuja kama chumvi, kidogo kidogo, huwezi kusema ni chembe ipi iliyozidi. Mzee wako anapenda kula nini? Anatembea, au amekaa tu maskini? Jumapili anasali misa ya kwanza au ya pili? Nilijibu mengine bila kufikiri, mengine nikayakwepa kwa sababu yalikuwa siri ya Daktari, na hata pale nilipokwepa alifurahi akasema anapenda mwanamke anayejua kutunza siri. Namkumbuka alivyosema hivyo, ameegemea gunia la kabichi, jua limempiga usoni. Nilijisikia nimesifiwa. Usiku nililala nikirudia maneno hayo, mjinga mimi, mwenye furaha.

Mwezi wa pili nilimpeleka Nkoaranga aonwe na Bibi. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kupanda ilikuwa utelezi mtupu, na alianguka mara kadhaa kati ya migomba akacheka na watoto waliokuwa wakimcheka. Bibi alikuwa amepika ndizi kwa nyama, na kwa ajili ya heshima ya siku ile alikuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nyumba ilijaa moshi na harufu ya kahawa inayokaushwa. Elisante alimwamkia vizuri, "Shikamoo Bibi," akaitikiwa marahaba, akaulizwa ukoo wake, akautaja, akaulizwa na kanisa la kwao, akalitaja pia. Mama mkubwa alikuwa ananikonyeza kwa furaha. Ndipo Bibi akachota mbege kwa kata, akaiinua kuielekeza mdomoni mwake aionje, na Elisante, kwa adabu zote, akanyoosha mikono miwili akaipokea ikiwa njiani, akainamisha kichwa kushukuru, akanywa. Mikono ya Bibi ilibaki hewani. Elisante akajipangusa mdomo akasema mbege ni tamu, haijawahi kutokea, akaomba aonyeshwe ng'ombe, mjomba akatoka naye. Mimi nilibaki nakusanya sahani, na kwa nyuma ya ukuta wa mbao nikawasikia.

"Huyu si wa Machame," alisema Bibi.

"Labda amekulia mjini, mama," alisema mama mkubwa. "Vijana wa siku hizi."

"Akulie hata mwezini. Baba yake hakuwahi kunywa? Hajawahi kwenda msibani? Mtoto wa mlima huu anayenywa kabla mwenye pombe hajaonja, sijamwona tangu nizaliwe. Mlevi hafanyi hivyo. Kichaa hafanyi hivyo."

"Sasa ni nani?"

"Mimi nitajuaje? Najua asiye."

Nilisimama pale na sahani za mafuta mikononi. Haikuwa mbege peke yake. Ilikuwa Krismasi, ilikuwa ile mikono laini, ilikuwa misa ya kwanza au ya pili, vyote vikasogea vikakaa pamoja. Tulipokuwa tunateremka alinishika mkono nisiteleze, akauliza mbona nimenyamaza. Nikasema tumbo. Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya, na iliniuma kama nimejikata, kwa sababu mkono ulionishika ulikuwa ule ule niliokuwa naupenda asubuhi. Hili sijawahi kulisema kwenye harusi wala kwenye vikoba: sikuacha kumpenda. Watu hudhani ukijua, moyo unazima kama taa. Moyo wangu uliendelea kuwaka kwa ujinga wake wote, na hofu ikaja ikakaa pembeni yake.

Nilitaka Bibi awe amekosea, kwa hiyo nikamjaribu Elisante. Nilimwambia, kana kwamba nimeteleza ulimi, kwamba Jumatano Daktari atakwenda mjini kunywa kahawa na rafiki yake kwenye mgahawa mmoja karibu na Mnara wa Saa. Jumatano hiyo Daktari alikuwa jikoni kwetu akimenya viazi. Mimi niliomba ruhusa ya kununua kitenge, nikaingia duka lililotazamana na mgahawa ule, nikajifanya sioni rangi inayonipendeza. Wanaume wawili walikuwa wamekaa meza ya nje, vikombe vimekauka mbele yao, wanautazama mlango. Hawakuzungumza wala hawakusoma chochote. Mwishowe Elisante akatokea upande wa posta, amevaa koti ambalo sijawahi kuliona, akainama akawaambia kitu, na mmoja wao akamtazama kwa namna ambayo bosi humtazama mtu aliyeharibu kazi. Elisante hakuwa anacheka. Sikujua kwamba uso ule unaweza kukaa bila kicheko, na ulikuwa uso wa mtu mwenye hofu. Nilimlipa Mhindi mwenye duka bei ya kitenge ambacho mpaka leo sijakishona.

Nilimweleza Daktari nikiwa nimepiga magoti, nikilia, nikisubiri anifukuze. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na kisu na kiazi mkononi.

"Unampenda?"

"Ndiyo, Daktari."

"Bado?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akamaliza kumenya kiazi chake akakitumbukiza kwenye maji. "Basi usibadilike," akasema. "Nikikufukuza, watajua. Ukimwacha, watajua. Nenda kanywe naye chai, cheka anapokuchekesha. Hati zangu zimekaribia. Ukibadilika hata kidogo hawatasubiri, na hawatachagua nani wa kumwacha hai ndani ya nyumba hii. Nisamehe, mwanangu. Nilikukataza kwa sababu nilijua ni mlango watakaoutumia. Mimi ningekuwa wao, ningeutumia."

Wiki zilizofuata sizitamani hata kwa adui. Niliamka, nikapaka mafuta usoni, nikaenda sokoni kucheka. Kila kicheko nilikipima: jana nilicheka hivi, leo nisipungue. Nilikonda mpaka Mama Ndosi akaniuliza mimba ni ya miezi mingapi. Elisante alileta machungwa, akanishika shavu, akasema ninafanya kazi sana, tukioana nitapumzika, na nilimtazama machoni nikimtafuta jasusi nisimwone. Ningemwona ingekuwa nafuu. Nikirudi nyumbani nilionja kila kitu, hata maji, na kila mara nilipomeza nilisubiri tumbo liseme. Siku moja pikipiki ilipunguza mwendo kwenye ua wetu, nikajikuta nimelala chini ya meza ya jikoni, na Daktari amelala upande wa pili. Tukatazamana pale sakafuni kama watoto wanaojificha mama yao asiwaone. Kumbe gari la maziwa lilikuwa limeharibika mbele, na mwenye pikipiki alikuwa analizunguka.

Hati zilikuja mwishoni mwa masika. Daktari angeondoka Jumamosi asubuhi, kwa barabara ya Moshi, hadi uwanja wa ndege. Aliniambia mimi mwenyewe nitunge uongo, kwa kuwa ndimi nimjuaye msikilizaji. Nilitunga nikikoroga makande. Ijumaa, kibandani kwa Mama Ndosi, nikamwambia Elisante kwa uchovu, kana kwamba nalalamika, kwamba kesho sina mapumziko, mzee amealikwa na mapadri kwenda Momela kutazama maziwa na ndege, hivyo lazima nifunge chakula cha watu wanne. "Momela?" aliuliza. Nikasema ndiyo, anataka kuwaona heroe kabla hajafa, si unajua wazee. Alizungusha kikombe chake. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaniambia nijifunike vizuri, kule juu kuna baridi.

Asubuhi yake Daktari alivaa kofia na koti la mtunza bustani, akakaa kiti cha nyuma kati ya vikapu vya mboga. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akashindwa kusema Kiswahili, akasema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa. Gari likatoka. Nilikaa jikoni, kwenye kiti chake, mpaka simu ilipolia, na safari hii kulikuwa na sauti, dereva akisema mzigo umepaa. Elisante sikumwona tena sokoni siku hiyo, wala nyingine. Watu wa Momela walisema magari mawili yalishinda mchana kutwa kwenye kona ya msituni, ndani wamejaa wanaume, halafu yakaondoka kwa kasi. Nikajua uongo wangu umekubalika, na nikajua pia kuwa mtu niliyemdanganya yu hai, ananijua ninapoishi, na ana kila sababu ya kurudi. Hapo ndipo hofu yangu ndefu ilipoanza. Nilihama nyumba. Niliolewa na mtu mwema wa Poli, Mungu amrehemu, aliyezoea mke anayekagua madirisha. Nililala taa ikiwaka. Hata nilipokuwa nawachekesha watu kwa hadithi ile, jicho langu moja lilikuwa mlangoni.

Siku ya misa niliisimulia vizuri kuliko siku zote. Kanisa lilijaa, wapo waliocheka, wapo waliofuta machozi, na Padri mwenyewe alipiga makofi niliposema mpishi aliwapika majasusi wakaiva. Tulipotoka nje watu walinipa mikono. Mmoja alisubiri mpaka wengine waishe, karibu na magari. Mzee mwenye sweta la kijivu, anakokota mguu wa kushoto, vidole viwili vya mkono havinyooki. Nilimtambua alipotabasamu, ingawa meno yale hayakuwapo tena. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gari.

"Usiniogope, Eshi," alisema. Kiswahili chake hakikuwa tena cha mlimani, kilikuwa na lafudhi ya kwao. "Nilikuwa nimekaa nyuma. Umesimulia vizuri. Mwisho tu ndio sivyo ulivyokuwa."

"Mwisho upi?"

"Sikwenda Momela mapema. Niliachwa njia panda ya Momela nihakikishe gari limekata kushoto. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo pale, na gari halikukata. Lilipita mbele yangu kuelekea Moshi, limepunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe. Daktari amevaa kofia ya majani. Tulitazamana mimi na yeye, karibu kama tulivyo sasa."

Nilimwuliza alifanya nini.

"Nikapanda Momela, nikawaambia wanakuja, tusubiri."

Alisema hivyo tu. Mguu na vidole sikumwuliza, malipo ya waliomtuma yalikuwa mbele yangu. Miaka yote ile nilimwogopa mtu huyu kuliko kifo, nikafunga milango kwa ajili yake, nikafundisha wanangu wasifungulie mgeni, na nikajisifu mbele ya watu kwamba nilimshinda akili. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuja kuniambia. Akasema aliulizia habari zangu zamani, akaambiwa nimeolewa na kwamba nalala taa ikiwaka, akaona kumwona yeye kungenimaliza. Watu walikuwa wanatuangalia. Mjukuu wangu aliniita kutoka kwenye gari, akanihimiza, nikamwashiria angoje. Nilitambua kwamba nimesimama na mwanamume niliyetaka kuolewa naye, na sijui nimwite nani.

"Jina lako," nikasema. "La kweli."

Akaniambia. Nikalitamka mara moja, polepole, nisilikosee, na yeye akageuza uso kutazama ukuta wa kanisa mpaka alipoweza kunitazama tena.